Treni ya Mizigo ya Reli Isiyokuwepo

Ninyi vijana wa karakana ya samani pale Mtumba mmeniita Mzee Treni miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini. Nadhani mlifikiri ni kwa sababu natembea polepole na nikikaribia nasikika. Siku ya kuniaga, keki ilipokwisha na hotuba zilipokuwa bado, mmoja wenu akaniambia, "Mzee, andika hata kidogo, tusije tukabaki na misumeno tu." Nimeandika. Vyeo nimeviacha na mishahara nimeiacha, maana hapakuwa na mengi ya kusema kuhusu vyote viwili.

Kabla ya kutengeneza meza za wakubwa nilikuwa seremala wa reli. Niliingia karakana ya mabehewa Dodoma nikitokea kwetu Busi, Kondoa, nikiwa na cheti cha useremala na randa moja ya marehemu baba. Nilijua nimekwenda kutengeneza treni. Siku ya kwanza nilipewa mpini wa fagio. Siku ya pili nilipewa mpini wa fagio. Siku ya tatu fagio ziliisha, nikapewa koleo.

Aliyekuwa akinipa mipini hiyo ni fundi mkuu wa mbao, Mzee Chilewa, Mgogo wa upande wa Chamwino, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa ikifanya kazi ndogo ndogo kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona. Asubuhi ya kwanza tuliongea hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Randa hiyo ya nani?"

"Ya baba."

"Alikuwa fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi randa ni fundi. Wewe tutaona."

Alichukua miezi mingi kuona. Mzee Chilewa hakupenda tepu. Akitaka kupima mlango wa behewa alichukua kijiti kirefu cha mbao, akakiegemeza mlangoni, akakitia alama kwa kisu, kisha akakipeleka kwenye ubao wake. "Tepu inakupa namba," aliniambia, "halafu wewe unaisahau njiani. Kijiti hakisahau." Ninyi mna kile kidude cha mwanga mwekundu kinachopima ukuta hadi ukuta. Ni kizuri. Mwaka juzi mlitengeneza nacho kabati ambalo halikuingia mlangoni.

Miaka ikapita. Zikaja enzi za ruksa, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tumesahau majina yake, na sokoni Dodoma mitumba ikawa inafunguliwa kila wiki. Karakana kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mabehewa ya sakafu za mbao yalikuwa yanaondolewa, yanaletwa ya chuma kitupu. Maseremala tulikuwa kumi na mmoja, tukawa sita, tukawa wawili: Mzee Chilewa na mimi. Kila Ijumaa watu walitembea taratibu kupita ubao wa matangazo, wakijifanya wanasoma habari za mechi ya mpira, wakitafuta orodha ya watu wa kupunguzwa.

Katika hali hiyo ndipo Bi Tumaini alipoingia karakana, akiwa ameshika daftari kifuani kama ngao. Alikuwa Mpare, mwembamba, mwalimu wa kanuni za uendeshaji. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa stesheni namna ya kupokea treni, kuiruhusu treni, na kuizuia treni, katika chumba kimoja nyuma ya stoo.

"Mafundi, nataka reli," alisema.

Mzee Chilewa akaonyesha mlangoni kwa kidevu. "Ipo hapo nje."

"Hiyo ina watu wanaoijua. Mimi nataka ambayo hakuna anayeijua."

Akakaa juu ya boksi la misumari, akatueleza. Kila alipofundisha kwa kutumia stesheni ya kweli, alijitokeza mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi pale. "Mwalimu, pale njia ya tatu iling'olewa." "Mwalimu, pale huwezi kusimamisha treni, kuna mbuzi wa mke wa stesheni masta." Saa mbili zinapita wanabishania mbuzi. Sasa alihitaji reli ya kubuni, yenye stesheni tano ambazo hakuna aliyewahi kuzikanyaga, na treni ya mizigo ya mbao, kichwa kimoja, mabehewa kumi na matano na behewa la gadi nyuma, yote yakae juu ya meza, na yatembee.

"Ya nini hasa?" Mzee Chilewa akauliza.

"Kuna mtihani baada ya miezi minne. Wanaobadilisha njia kwa mkono kwenye stesheni ndogo, kazi yao inafutwa. Atakayefaulu atakuwa msaidizi wa stesheni masta. Atakayeshindwa anakwenda nyumbani. Wengi hawajui kujifunza kwa ubao na chaki. Wanajua kwa kushika."

Mzee Chilewa akatazama mikono yake kidogo. "Tutakutengenezea," alisema.

Kwanza ilibidi tuombe kibali. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la reli, Bi Tumaini akaandika Reli ya Nyika. Stesheni zake akaziita Mwanzo, Kisima, Mchongoma, Upepo na Mwisho. Fomu ilikwenda juu, ikarudi baada ya wiki mbili ikiwa na maswali mawili. La kwanza: reli hii inapita mkoa gani? Akajibu kwamba haipiti mkoa wowote, haipo. La pili halikuwa swali. Ilisemwa kwamba, kwa kuzingatia hofu iliyopo miongoni mwa wafanyakazi, jina la Mwisho halifai, na litafutwe jina la kutia moyo. Aliyeandika alishapendekeza moja mwenyewe. Ndiyo maana kituo cha mwisho cha Reli ya Nyika, mahali ambapo reli ilikatika na treni haikuweza kusogea hata inchi moja zaidi, kiliitwa Endelea.

Bi Tumaini aliisoma barua mara mbili. "Sawa," alisema, akaikunja.

Vifaa havikuwepo, tukavitafuta. Mbao tulitoa kwenye milango mikuukuu ya mabehewa, mninga uliokomaa kiasi kwamba msumeno ulilalamika. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Magurudumu Mzee Chilewa aliyakereza kwenye mashine kutoka vipande vya shaba vilivyotupwa, sitini na manane kwa jumla, akiyapima kwa kuyapitisha kwenye kitundu alichokitoboa katika bati. Lililopita bila kusukumwa alilitupa. Lililokataa kupita alilirudisha kwenye mashine. Lililopita kwa kunung'unika kidogo ndilo alilolihifadhi.

Reli zenyewe zilitusumbua, hadi siku moja nilipopita sokoni nikaona wafanyabiashara wanakata ile mikanda ya chuma inayofunga mabelo ya mitumba na kuitupa. Nikaokota mmoja, nikausimamisha kwa ubavu. Ulikuwa reli. Nikamwomba mwenye belo.

"Chukua yote," alisema. "Unafungia nini?"

"Treni."

Akanitazama kwa huruma, akaniongezea na soksi jozi moja.

Injini tuliiendesha kwa mota za radio-kaseti mbovu na betri ya gari. Mota ya kaseti imezoea kurudisha nyuma mkanda kwa haraka, na hakuna aliyeiambia kwamba sasa inavuta mizigo. Jaribio la kwanza kichwa cha treni kilitoka Mwanzo, kikapita Kisima, Mchongoma na Upepo bila kusimama, kikaruka meza, kikaingia chini ya kabati. Bi Tumaini aliandika katika daftari lake kwamba mwendo unahitaji kurekebishwa. Tukatoa vigurudumu vya meno vya saa ya ukutani iliyokufa, tukavipanga katikati ya mota na magurudumu, injini ikatulia ikawa inatembea kama mtu anayetoka kanisani.

Chumba cha swichibodi, simu zinapounganishwa, kilikuwa jirani na chumba cha mafunzo cha Bi Tumaini, na mpokea simu, Bwana Yona, alikuwa na desturi ya kuja kunywa chai kwetu. Bwana Yona haoni tangu utotoni. Alisoma Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona, na alikuwa ameunganisha simu za stesheni zetu kwa miaka kumi na mitano bila kukosea tundu. Siku tuliyokamilisha mabehewa yote alisimama mezani akaomba kuyashika. Alianza na kichwa cha treni, akaenda nyuma behewa kwa behewa, vidole vikipita juu, ubavuni, chini kwenye magurudumu.

"Miaka yote naongea na treni," alisema, "sikujua imekaa hivi." Akafika mwisho, kwenye kile kibanda kidogo chenye kibaraza. "Na hili?"

"La gadi," nikamwambia. "Analinda nyuma."

"Na mwenzake?"

"Hana mwenzake."

Akaacha mkono wake pale kidogo. "Kumbe yupo peke yake," alisema. "Magadi wakipiga simu nitakuwa nawajibu kwa upole zaidi."

Tukaiendesha treni aisikie. Ilipopita mara ya pili akainua kidole. "La saba linachechemea." Nilikuwa nimelipima mwenyewe, nikasema haiwezekani. Mzee Chilewa akalitoa, akalipitisha gurudumu kwenye kitundu cha bati. Lilipita bila kunung'unika. Akalitupa, akanitazama, akaendelea kunywa chai.

Kisha tukapata tatizo ambalo lilinimaliza. Kati ya Mchongoma na Upepo tulikuwa na kona, na kila treni ilipofika pale, behewa la tatu au la nne liliacha reli na kuanguka upande wa ndani. Niling'oa ile kona nikaijenga upya. Ikaangusha. Nikaijenga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Niliota kona. Mzee Chilewa alikuwa na kazi nyingine wiki hiyo, aliporudi akavuta kigoda, akakaa asubuhi nzima akiangalia treni inaanguka. Mchana akasimama, akayainua mabehewa moja moja kwa mkono, kama mtu anayechagua viazi.

"Umeweka watoto mbele na watu wazima nyuma," alisema.

Mabehewa ya mbele nilikuwa nimeyatengeneza kwa mbao nyembamba. Ya nyuma yalikuwa mninga mtupu. Injini ikivuta mbele na uzito ukivuta nyuma, treni inataka kunyooka kama kamba, na yale mepesi ya katikati ya kona yananyanyuliwa na kutupwa ndani. Akahamisha mazito mbele. Treni ikapita. Kona haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Bi Tumaini alifurahi kupita kiasi, kwa maana aliinua nyusi zote mbili, na toka siku hiyo akawa anafundisha upangaji wa mabehewa kwa kuiangusha treni makusudi. Nawaambia hili kwa sababu najua mkiona meza inayumba mnakimbilia kukata mguu. Kaeni kwanza muangalie sakafu.

Wanafunzi wakaja, kumi na wanane, kutoka stesheni ndogo za mashariki na magharibi ya Dodoma. Kila mmoja alikaa nyuma ya ubao wa plaiwudi asiweze kuona meza, akiwa na simu yake, na Bwana Yona akiwaunganisha kutoka chumba cha pili. Mtu wa stesheni aliomba njia kwa mwenzake kwa simu, akipewa anasema "ruhusu", na mimi niliyekuwa mezani nikaiachia treni. Nilikuwa na kazi ya Mungu, ila kwa mota za kaseti.

Kati yao alikuwepo Ndahani. Alikuwa mtu wa makamo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, amebadilisha njia kwa mkono miaka ishirini kwenye stesheni moja ambayo mabasi hayafiki. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigogo, cha polepole, na kila alipozungumza na mkubwa alikuwa na neno moja tu: ndiyo. Hata kwenye simu alisimama, akavua kofia.

Wiki ya tatu Ndahani alikaa stesheni ya Upepo, na treni yangu ya mizigo ilikuwa imesimama kwake. Upande wa pili, stesheni ya Endelea, alikaa mwenzake mmoja aliyekuwa ameshaachia, bila kuomba njia, behewa la abiria tulilotengeneza baadaye na mota yake, lije Upepo. Kanuni inasema ukipokea simu, unataja kwanza jina la stesheni yako. Ndahani akapiga simu ili aombe njia. Simu ikapokewa.

"Endelea!" alisema mwenzake.

"Ndiyo," alisema Ndahani. Akaweka simu chini. "Ruhusu."

Nilikuwa nimeambiwa nisiingilie. Nikaiachia. Treni ya mizigo ikakutana na abiria katikati ya meza kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani, lakini mninga ni mninga. Behewa la abiria lilipasuka ubavu, mabehewa matatu ya mizigo yakaenda sakafuni. Plaiwudi zikaondolewa, wanafunzi wakaona, wakacheka hadi mmoja akashika ukuta.

Ndahani hakucheka. Alipiga magoti akaokota vipande.

"Mwalimu," alisema, "kwenye hili la abiria mlikuwa mmeweka watu wangapi?"

Bi Tumaini hakuwa mtu wa kulainisha mambo. "Sitini," alisema.

Ndahani akakaa chini pale pale sakafuni, na kicheko kikafa kimoja kimoja chumbani.

Kesho yake hakuonekana darasani. Nilimkuta karakana, amekaa na Mzee Chilewa, wanalishona lile behewa kwa gundi na kamba. Waliongea Kigogo, na sikuelewa ila kidogo. Bwana Yona alipokuja na kikombe chake, Mzee Chilewa akamwambia, "Huyu anataka kwenda nyumbani. Anasema kazi hii itamfanya aue watu."

Bwana Yona akapapasa benchi, akakaa karibu naye. "Jana nilikuwa kwenye laini," alisema. "Nilikusikia. Ulisema ndiyo."

"Ndiyo," alisema Ndahani.

"Umeona? Mimi sina macho, bwana. Ukiniambia ndiyo, sijui umekubali nini. Sema nilichosema mimi, chote, ndipo nitajua umesikia."

"Wakubwa hawapendi kuulizwa mara mbili."

"Kwenye simu hakuna mkubwa. Kuna sauti. Rudia."

Wakaanza hapo hapo. Bwana Yona alitoa taarifa, Ndahani akairudisha neno kwa neno huku akipiga msasa. Kwa wiki tano tulisikia Reli ya Nyika karakana kuanzia chai hadi jioni. Kila Ndahani aliposema ndiyo, Mzee Chilewa aligonga benchi kwa kijiti chake cha kupimia. Mwishoni kijiti kilibaki kimelala.

Mtihani waliuleta wataalamu wawili kutoka Dar es Salaam, waliokuwa pia wanatembelea idara zote kuangalia kipi kibaki na kipi kiondoke. Mmoja aliitazama meza, akabonyeza kichwa cha treni kwa kidole. "Mnachezea hiki saa za kazi?" Bi Tumaini akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba zamu ya kucheza sasa ni yake: angekaa kwenye simu kama msimamizi wa njia nzima, atoe amri.

Mtaalamu alipofika kwa Ndahani alikuwa amechoka na anataka chakula. "Haya, itume hiyo," alisema kwenye simu.

Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona miguu ya Ndahani chini ya plaiwudi. Ilinyanyuka ikasimama, kofia ikatua kando yake. Lakini sauti ilitoka imetulia. "Nimesikia unasema niitume hiyo. Ni treni ipi, itoke wapi, iende wapi?"

"Hiyo uliyonayo!"

"Nimesikia unasema hiyo niliyonayo. Ni treni ipi, itoke wapi, iende wapi?"

Ilikwenda hivyo mara nne. Mara ya tano mtaalamu alitaja kila kitu kwa ukamilifu, kwa hasira, kama mtu anayekariri, na Ndahani akamrudishia kila kitu kwa ukamilifu. "Ruhusu," akasema. Nikaiachia. Mtaalamu aliandika kwenye karatasi kwamba mtahiniwa ana maswali mengi. Alimpa alama za kufaulu kwa sababu hakukuwa na mahali pa kumkata.

Waliofaulu walikuwa kumi na wanne. Miezi miwili baadaye ripoti ya wataalamu ilikuja, ikasema chumba cha mafunzo kifungwe na midoli iondolewe. Bi Tumaini aliuliza kwa barua midoli ni ipi. Hakujibiwa, akahamishiwa ofisi ya takwimu. Bwana Yona aliomba behewa moja awapelekee watoto wa Buigiri wajue treni imekaaje. Bi Tumaini akaliandika kama kifaa kibovu, akamsainia. Wiki iliyofuata mabehewa mengine matano yaliharibika. Mwisho wa mwezi Reli ya Nyika yote ilikuwa imeharibika, na kichwa cha treni kilisafiri kwenda Buigiri kwa basi, mapajani mwa Bwana Yona, kimefungwa kwenye kanga.

Orodha ilibandikwa Ijumaa, kama tulivyotarajia. Mzee Chilewa alikuwa wa tatu kutoka juu. Alifagia benchi lake, akanipa mkono, akasema anakwenda kulima zabibu, ambazo mtu hazipimi. "Na wewe?" aliuliza. Nikamwambia nimepelekwa kikosi cha madaraja. Akafikiri. "Huko mbao zinabeba watu," alisema. "Usiharakishe." Alipofika getini nikagundua kwamba tangu nije sikuwahi kumwambia asante, nikamkimbilia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Masika ya mwaka uliofuata tulitumwa watu sita kwa kiberenge, kile kigari cha injini cha mafundi wa reli, tumebeba mbao nzito za kutengeneza daraja dogo. Mpango ulikuwa tukifika darajani tukinyanyue kiberenge nje ya reli, tupige simu kwa simu ya kubeba inayochomekwa kwenye nyaya za kando ya reli, ndipo treni ya mizigo iliyokuwa inasubiri stesheni ya mbele ipewe njia. Hatukufika. Mvua ilitukamata mahali ambapo reli imekatiza kilima, kuta za udongo pande zote mbili, mitaro imejaa maji, na hapo hapo injini ya kiberenge ikakohoa ikafa. Hapakuwa na mahali pa kukiweka hata kama tungeweza kukinyanyua. Simu ilikuwa imelowa, ikawa kimya. Kiongozi wetu akamtuma mmoja atangulie na bendera nyekundu, na baada ya hatua kumi hatukumwona tena, wala yeye wala bendera. Mwenye treni angeiona lini?

Tukasukuma. Kila tuliposimama kupumua niliweka kiganja kwenye reli, nikijaribu kusikia kama inatetemeka. Zaidi ya saa moja baadaye tulitokea mahali pa wazi, tukamkuta mwenzetu wa bendera, tukakinyanyua kiberenge na mbao zake kando ya reli, tukaenda kwa miguu hadi stesheni.

Treni ilikuwepo, imesimama, inanguruma. Dereva alikuwa jukwaani akimpigia kelele stesheni masta kwamba atamwandikia ripoti. Aliyekuwa anakaimu ustesheni masta siku hiyo alikuwa Ndahani. "Andika," alikuwa anasema. "Jina langu lina herufi saba, usipunguze."

Tulikuja kuelewa baadaye kidogo. Stesheni tuliyotoka ilimpigia Ndahani simu katikati ya mvua, ikamwambia, "Kiberenge kimetoka." Dereva aliyekuwa amesimama pale dirishani akasema haya, kimetoka, nipe njia. Ndahani akauliza kwenye simu: kimetoka kwenu kuja huku, au kimetoka relini? Laini ikakatika kabla ya jibu. Akaweka simu chini, akamwambia dereva njia hakuna. Akamwambia hivyo hivyo kwa saa moja na nusu, peke yake, bila mkubwa yeyote wa kumwunga mkono.

Sasa alituona, sita, tope hadi kiunoni. Macho yake yakafika kwangu, yakasimama.

"Shikamoo, bwana mkubwa," nilimwambia.

"Marahaba, fundi. Kiberenge kiko wapi?"

"Kimetoka."

"Kimetoka wapi?"

Wenzangu walidhani ananidhihaki. Nikasimama sawasawa. "Kiberenge kimetolewa relini, kipo kando ya reli hapo tambarare, mbao zake zote zipo kando, na watu wote sita wapo mbele yako."

Akanirudishia maneno hayo yote. Neno sita alilisema mara mbili.

Dereva alitutazama mmoja baada ya mwingine, akavua kofia, akatushika mkono sote, kwa unyenyekevu, kama anayetoa pole msibani, isipokuwa tuliopewa pole ndio tuliokuwa marehemu. Hakusema tena habari ya ripoti.

Mvua ilipopungua simu ikarudi, stesheni ya pili ikathibitisha, na Ndahani akatoka kumpa dereva njia. Dereva aliirudia amri yote, tangu neno la kwanza, bila kuambiwa. Treni ikaondoka kuelekea kule tulikotoka. Tulikaa kwenye benchi tukayahesabu mabehewa yakipita mbele ya magoti yetu: ishirini na mawili, yote yamejaa saruji. La mwisho lilipoishia kwenye kona, mmoja wetu akauliza kama kuna chai.